Sauti ya Jogoo Aliyekwisha Chinjwa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu akakipa umbo lake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad:

Mas-ala haya tuliletewa katika darasa letu la baina ya Magharibi na Isha, siku chache baada ya Idi. Mjane mmoja mwenye watoto wanne mayatima alikuwa na jogoo mmoja, amemlea kwa ajili ya sikukuu. Alimwita kijana wa jirani, mwenye akili zake na mwenye kusali, amchinjie. Kijana akaelekea kibla, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akapitisha kisu kikali. Damu ikatoka kwa nguvu na kichwa kikalegea. Mara, na koo limekwisha katwa, jogoo akatoa ukelele uliosikika mpaka ua wa pili.

Waliokuwako walishtuka. Mmoja akasema kwamba kichinjo hakikusihi, kwani mnyama aliyekatwa koo hawezi kulia. Wa pili akasema kwamba jogoo yule ana jini, na akiliwa ataleta msiba nyumbani. Jogoo akatupwa jaani, na watoto wakala wali mkavu siku ya Idi. Wala hayakuisha hapo. Mpiga ramli alipopata habari alimwambia mama yule kuwa hana budi kutoa kuku mwengine, mweusi, awe kafara.

Tumeulizwa mambo mawili. Jogoo yule alikuwa halali au haramu? Na sauti ile ilitoka wapi? Jawabu la swali la kwanza limo katika vitabu vya fiqhi, na jawabu la pili limo katika maumbile ya ndege. Lakini moyo wa mtu hautulii kwa la kwanza asipofahamu la pili. Sisi wenyewe twakiri kwamba katika siku za ujana wetu chuoni tuliona jambo kama hili likitokea, tukanyamaza, na nyama ikatupwa mbele ya macho yetu, kwa kuwa hatukuwa na la kusema. Basi leo tutaanza na maumbile, kisha tutarudi kwenye hukumu.

SAUTI NI NINI

Kila chenye kulia kwa pumzi chahitaji vitu vitatu: hewa yenye kusukuma, kitu chepesi chenye kutetemeka, na uwazi wenye kuikuza sauti. Aliyepata kuona siwa ikipulizwa, au pembe ya ng'ombe, atafahamu upesi. Mpulizaji huikaza midomo yake akasukuma pumzi. Midomo hutetemeka mbio mbio, na ile pembe huuchukua mtetemo huo ikaukuza hata ukasikika mbali. Pembe peke yake haina sauti, na pumzi peke yake haina sauti. Sauti huzaliwa pale pumzi inapopita penye midomo iliyokazwa.

Watoto wetu nao walijua jambo hili bila ya kufundishwa. Siku ya Idi hununua puto la mpira, wakalijaza hewa, kisha wakauvuta mdomo wake kwa vidole vya mikono miwili. Hewa hutoka kwa shida na puto hupiga kelele. Wakivuta zaidi, kelele huwa nyembamba. Wakilegeza, huwa nene. Twamwomba msomaji aushike mfano huu wa puto, kwani tutaurudia.

KOO LA MWENYE KUNYONYESHA

Mtu, mbuzi, ng'ombe, ngamia na simba, na jumla ya wenye kunyonyesha, sauti zao hutoka mahali pamoja. Mahali hapo ni zoloto, kile kifundo kilicho mbele ya shingo, kipandacho na kushuka tunapomeza mate. Zoloto limekaa juu ya koo la pumzi. Ndani yake mna mikunjo miwili, mmoja kuliani na mmoja kushotoni, nayo ndiyo iitwayo nyuzi za sauti. Tunapovuta pumzi tu, nyuzi hizo huachana, na hewa hupita kimya. Tunapotaka kusema, nyuzi hukaribiana. Hewa itokayo mapafuni huzisukuma zikafunguka, zikajifunga, zikafunguka tena. Katika mwanamume hutetemeka kadiri ya mara 100 kwa sekunde moja, na katika mwanamke kadiri ya mara 200. Sauti hiyo ikifika kinywani, ulimi na midomo na meno huikata ikawa herufi na maneno.

Urefu na uzito wa nyuzi ndio unaofanya sauti iwe nene au nyembamba. Ndovu ana nyuzi zenye urefu wa kadiri ya sentimita 10, nasi zetu hazifiki sentimita 3. Kwa hiyo baadhi ya ngurumo zake hutetemeka chini ya mara 20 kwa sekunde, na sikio la mtu haliwezi kuzisikia. Mwaka 1984 mwanamke wa Kimarekani, Katy Payne, alikuwa karibu na ndovu katika bustani ya wanyama ya Portland, akahisi hewa ikitetemeka na hali hasikii kitu. Baadaye alikuja hapa kwetu Amboseli, yeye na Joyce Poole, wakazirekodi sauti hizo za ndovu wa porini.

Kisha mwaka 2012 wataalamu wa Vienna walichukua zoloto la ndovu aliyekufa, wakalipulizia hewa, nalo likatoa ngurumo ile ile ya ndovu aliye hai. Ndovu hakuwako, palikuwa na koo na hewa tu. Habari hii ya koo la maiti kutoa sauti, msomaji na aihifadhi pamoja na ile ya puto.

Punda ana ajabu yake. Sisi husema kwa pumzi ya kutoka tu, lakini punda hulia akivuta pumzi, na hulia akiitoa. Ndipo kilio chake kikawa kama msumeno uendao na kurudi. Katika Surat Luqman sauti yake imetajwa kwa kuchukiza kwake, ili tujifunze kuziteremsha sauti zetu. Na chura hulia kinywa chake kikiwa kimefungwa: hewa hutoka mapafuni, hupita kooni, hujaza kifuko kilicho chini ya kidevu, kisha hurudi mapafuni kwa kazi nyengine. Kwa hiyo aweza kulia usiku kucha hewa ile ile ikizunguka ndani yake.

Sasa na tumtazame mbuzi anapochinjwa. Kisu hupita chini ya zoloto. Zoloto husalia upande wa kichwa, na mapafu husalia upande wa mwili, na baina yake hapana njia tena. Hewa hutoka kwa mvumo na mkoromo kwenye koo lililokatwa, lakini haifiki kwenye nyuzi za sauti. Ndipo mbuzi akanyamaza. Watu wameyaona haya tangu enzi za mababu, wakaweka kanuni kwamba aliyekatwa koo halii. Kanuni hiyo ni kweli kwa mbuzi. Kosa ni kuichukua na kumhukumia kuku.

KOO LA NDEGE

Ndege naye ana zoloto juu ya koo lake la pumzi, lakini zoloto hilo halina nyuzi za sauti. Kazi yake ni kufungua na kufunga njia ya hewa, ili chakula na maji visiingie mapafuni. Chombo cha sauti yake Mwenyezi Mungu amekiweka chini kabisa, ndani ya kifua, karibu na moyo, pale ambapo koo la pumzi hugawanyika njia mbili, moja ya pafu la kulia na moja ya pafu la kushoto. Wataalamu hukiita sirinksi, neno la Kiyunani lenye maana ya filimbi ya matete. Sisi tutakiita zoloto la chini.

Katika kuta za zoloto hilo la chini mna utando mwembamba. Hewa itokayo mapafuni ikipita hapo, utando hutetemeka, na mtetemo hupanda katika koo lote refu mpaka kinywani, kama vile mtetemo wa midomo ya mpulizaji upandavyo katika siwa. Tena, zaidi ya mapafu, ndege ana mifuko ya hewa iliyotandaa kifuani na tumboni mwake, na mmoja katika mifuko hiyo umelizunguka zoloto la chini lenyewe. Basi ndege ni kama lile puto la Idi: mfuko wa hewa, na kando yake mdomo wenye kutetemeka, na vyote viwili vimo ndani ya kifua. Mwaka 2015 Coen Elemans, mwalimu wa chuo kikuu katika mji wa Odense, nchi ya Denmark, na wenziwe, walieleza kwamba walilitoa zoloto la chini nje ya mwili wa ndege wakalipulizia hewa, nalo likalia. Wakaona kwamba utando wake husukumwa na hewa kwa kanuni ile ile ya nyuzi za sauti za mtu. Viungo ni mbali mbali na mahali ni mbali mbali, lakini kanuni ni moja, kwa kuwa Mwenye kuiweka ni mmoja.

Mwenye kutaka kuhakikisha hana haja ya kutusadiki sisi. Atakapopasua kuku jikoni, na alifuate koo la pumzi kutoka shingoni kwenda chini. Atalitambua kwa pete zake ngumu, na ni jengine na umio, njia ya chakula, ambayo ni laini. Akifika karibu na moyo ataliona limegawanyika mfano wa panda ya manati. Hapo penye panda ndipo ilipo sauti ya kuku. Kisha na apime kwa kidole: kisu hupita wapi, na panda hiyo iko wapi? Ataona kwamba kisu kimepita juu, shingoni, na chombo cha sauti kimebaki salama ndani ya kifua, pamoja na mapafu na mifuko yake ya hewa.

Katika umbo hili mna hikima nyingi. Kwa kuwa zoloto la chini liko penye njia mbili, ndege wengi waimbao waweza kulia kwa upande wa kulia na upande wa kushoto kila mmoja kwa sauti yake, kama watu wawili ndani ya kifua kimoja. Misuli midogo inayoongoza utando huo, katika baadhi yao, yaweza kukaza na kulegea zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Ndiyo sababu chiriku akawa mwingi wa maneno hata tukampigia mfano. Jogoo hakupewa misuli hiyo ya ndani. Yeye huliongoza zoloto lake la chini kwa misuli ya nje tu, na kwa hiyo wimbo wake ni mmoja tangu zama za mababu mpaka leo. Lakini alipewa nguvu. Mwaka 2018 wataalamu wa Ubelgiji walipima wiko la jogoo kwenye mlango wa sikio lake mwenyewe, wakakuta limepita desibeli 140, sauti ya kumdhuru msikilizaji. Wakaona tena kwamba jogoo anapofungua kinywa chote kuwika, tundu la sikio lake hujifunga lenyewe. Aliyempa sauti ya kutuamsha ndiye aliyemhifadhi asizibwe masikio na sauti yake.

TWARUDI KWENYE HUKUMU

Sasa msomaji ameshika ufunguo wa mas-ala yetu. Jogoo alipokatwa koo, mapafu na mifuko ilikuwa bado imejaa hewa, na misuli ya kifua ilikuwa yakaza kwa mshtuko wa kufa. Hewa ikasukumwa, ikapita katika zoloto la chini, utando ukatetemeka, na sauti ikatokea kwenye koo lililokatwa bila ya kuhitaji kichwa wala kinywa. Ikiwa zoloto la ndovu aliyekufa laweza kunguruma kwa hewa ya kupuliziwa, kuna ajabu gani kwa jogoo ambaye roho ndiyo kwanza inamtoka? Hapana jini hapo, wala hapana lawama ya mnyama kwa mchinjaji.

Ama hukumu, wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wameshurutisha kukatwa njia mbili, nazo ni hulkum, yaani koo la pumzi, na marii, yaani umio, zikatwe zote mbili kabisa, na mnyama awe na uhai wa kutulia wakati wa kuanza kukatwa. Kuikata mishipa miwili ya damu iliyo kandoni ni sunna. Hawakusema kwamba mnyama asitikisike baada ya hapo, wala hawakusema kwamba asitoe sauti. Basi alama ya kusihi kichinjo ni mkato. Tazama koo, usisikilize sauti.

Tulimwita kijana aliyechinja tukamwuliza. Alituambia kwamba alitazama, akaona koo la pumzi na umio vimekatika vyote viwili, na kichwa kimeshikwa na mfupa na ngozi ya nyuma tu. Kwa hiyo jogoo yule alikuwa halali bila ya shaka, na kutupwa kwake kulikuwa ni kupoteza neema ya Mwenyezi Mungu na riziki ya mayatima. Katika Suratul An'am, aya ya 118 na 119, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kula kilichotajiwa jina lake, na akawauliza wenye kujizuilia wana nini hata wasile. Na katika Suratun Nahl, aya ya 116, tumekatazwa kutoa hukumu ya halali na haramu kwa ndimi zetu tu, pasina ujuzi. Yule aliyesema kichinjo hakikusihi hakukusudia shari. Alitaka kujihifadhi na haramu. Lakini kuharimisha cha halali ni kosa kama kuhalalisha cha haramu, na mwenye kuubeba mzigo wa kosa lile alikuwa mjane na watoto wake.

Hata hivyo, maneno yetu yasichukuliwe kuwa ruhusa ya uzembe. Sauti ikitoka, au kuku akisimama akakimbia, mchinjaji na arudi atazame. Akiona koo la pumzi au umio umesalia, na mnyama bado ana uhai wake, na akamilishe mkato hapo hapo. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, ametuamrisha tuchinje kwa wema, tunoe visu vyetu na tumpumzishe mnyama. Kisu butu ndicho kinacholeta shaka katika majumba mengi, na wala si majini.

Ama kafara ya kuku mweusi, hiyo haina asili katika dini. Ni mlango wa kula mali ya wanyonge, na waufunguao huutegemea ujinga wetu wa jambo dogo kama koo la kuku.

PINGAMIZI NA JAWABU

Huenda msomaji akasema: katika Bukhari na Muslim tumepokea kwamba tukisikia jogoo akiwika tumwombe Mwenyezi Mungu fadhila zake, kwani ameona malaika, na tukisikia punda akilia tujilinde kwa Mwenyezi Mungu na shetani. Je, ilimu hii ya makoo haipingani na hadithi hiyo?

Jawabu letu ni kwamba haipingani. Ilimu ya makoo yaeleza jinsi sauti inavyotoka. Hadithi yatupa habari ya ghaibu, ambayo hatuijui ila kwa kuambiwa na Mtume, nasi twaiamini. Mtu akikuona mlangoni akakuita kwa jina, nyuzi zake za sauti ndizo zilizotetemeka, lakini kutetemeka huko hakukanushi kwamba alikuona. Tunalolikataa ni mtu kujitungia ghaibu kwa nafsi yake, akasema sauti hii ni jini na ile ni msiba, na hali Mtume hakusema.

Mfano wake ni bundi. Watu wengi wakimsikia juu ya paa la mgonjwa hukata tamaa, na wengine humpiga mawe. Itikadi hii ilikuwako kwa Waarabu wa zama za ujahili, waliokuwa wakimwogopa ndege wa usiku waliyemwita hama, na Mtume (s.a.w.) akaikanusha kwa jina lake, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Bundi ana zoloto la chini kama la kuku. Hulia kumwita mwenziwe na kuwajulisha bundi wengine kwamba mahali hapo pana mwenyewe. Naye huwala panya wanaotuharibia nafaka. Twampiga mawe mlinzi wa ghala zetu kwa sababu ya sauti aliyoumbiwa.

Mwenyezi Mungu ametufundisha, katika Suratul An'am, aya ya 38, kwamba wanyama wa ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma mfano wetu. Haki ya umma huo juu yetu ni kuwajua kabla ya kuwahukumu. Kuyatazama maumbile kwa akili ni katika ibada. Mwanafunzi aliyesoma mlango wa kichinjo akahifadhi maneno hulkum na marii, wala hajapata kuvigusa kwa kidole chake, amesoma nusu ya mlango. Na nusu aliyoiacha ndiyo iliyomkosesha mjane chakula chake.

Ndugu wa darasa walichanga, na mama yule amepelekewa jogoo mwengine. Alichinjwa uani, watoto wakimtazama, na mmoja wa wanafunzi wetu akawaonyesha ile panda kifuani. Kisha akapikwa, akaliwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mbuzi hunyamaza akisha katwa koo, na kuku huenda akalia?

2. Taja njia mbili ambazo lazima zikatwe, na utofautishe ipi ni ya pumzi na ipi ni ya chakula, na kila moja huijuaje kwa kuigusa.

3. Ukichinja kuku akalia baada ya kukatwa, utatazama nini, na utafanya nini?

4. Kuna tofauti gani baina ya kuiamini hadithi ya jogoo na kuiamini habari ya bundi?

Wallahu a'lam, na Kwake ndiko kwenye taufiki.